Kupunguza kasi ya uzee: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha biolojia sekondari. Kwa miaka kadhaa sasa, swali linalonifuata kuliko yote, darasani, msibani, hata kwenye daladala, ni hili la uzee. Watu wamesikia kwamba kuna wanasayansi wanaotafuta dawa ya kuzeeka, na wengine wameshauziwa hiyo "dawa" yenyewe. Nimeyakusanya hapa maswali ninayoulizwa, pamoja na majibu ninayoweza kuyasimamia mbele ya mtu yeyote.

Kuzeeka ni nini hasa? Si miaka kwenda tu?

Miaka inakwenda kwa kila kitu, hata kwa jiwe. Kuzeeka ni mwili kupungukiwa na uwezo wa kujikarabati, kidogo kidogo, mpaka kitu ambacho kijana angekishinda kwa siku tatu, kama mafua makali au kuteleza bafuni, kinamwangusha mzee moja kwa moja.

Jambo hili lina hesabu yake. Mwaka 1825 Mwingereza Benjamin Gompertz, aliyekuwa akishughulika na hesabu za bima, alionyesha kwamba hatari ya kufa haipandi kwa kujumlisha bali kwa kuzidisha. Kwa takwimu za siku hizi, hatari hiyo inakuwa maradufu kila baada ya miaka kama 8 ya utu uzima. Ndiyo maana kansa, kiharusi, moyo na kusahau vinakuja kwa pamoja uzeeni, utadhani vimeitana. Mzizi wao ni mmoja. Ukiifuta kansa yote duniani leo, wastani wa maisha katika nchi kama Marekani ungepanda kwa miaka kama 3 tu, kwa sababu aliyeponea kansa bado anasubiriwa na hayo mengine.

Mwaka 2013 kundi lililoongozwa na Carlos López-Otín wa Hispania liliorodhesha alama 9 za uzee ndani ya mwili, na mwaka 2023 zikafika 12. Sitazitaja zote. Zimo DNA kuharibika, protini kujikunja vibaya, mitokondria (mitambo ya nishati ndani ya seli) kuchoka, na kinga ya mwili kubaki imewaka moto mdogo mdogo kama jiko lililosahauliwa.

Kwa nini mwili usijikarabati milele?

Kwa sababu maumbile hayakulenga huko. Jeni linalokusaidia kuzaa ukiwa kijana litaenea kwenye kizazi hata kama linakudhuru ukifika miaka 80. Mfano mzuri tunao hapa nyumbani. Kwenye madimbwi ya msimu kisiwani Unguja anaishi samaki mdogo mwenye rangi za kupendeza, *Nothobranchius guentheri*. Dimbwi linajaa mvua ikinyesha na kukauka jua likiwaka, kwa hiyo samaki huyu hana muda wa kupoteza. Anakua haraka, anataga, kisha anakufa pamoja na maji, na mayai yake yanasubiri kwenye matope mpaka mvua nyingine. Ndugu yake wa Zimbabwe na Msumbiji, *Nothobranchius furzeri*, anaishi miezi michache tu hata ukimtunza maabara, na katika miezi hiyo anazeeka kwelikweli: rangi inafifia, mgongo unapinda, mwendo unakuwa mzito. Maabara za Stanford na Cologne zinamfuga kwa sababu hiyo. Ukitaka kujaribu dawa ya uzee, humsubiri miaka 80.

Binadamu tumekwenda njia nyingine, na sehemu kubwa ya ushahidi imetoka Tanzania. Miaka ya 1980 Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikaa na Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi. Waliona wanawake wazee, waliokwisha kukoma kuzaa, wakichimba mizizi saa nyingi kwa siku, kwenye udongo mgumu uliojaa mawe. Mama akijifungua, afya ya mtoto aliyeachishwa ziwa ilitegemea juhudi za bibi yake. Kutokana na hapo wakajenga hoja kwamba maisha marefu ya binadamu baada ya ukomo wa hedhi yamechongwa na bibi: familia yenye bibi mwenye nguvu ilikuza watoto wengi zaidi, nao wakarithi nguvu hizo. Hoja hii inabishaniwa bado, ila mimi naiamini. Kila ninapomwona bibi anatwanga huku kambeba mjukuu mgongoni, naona mtu anayefanya kazi ambayo spishi yetu imemtengea.

Kuna wanyama wasiozeeka?

Wapo wanaozeeka polepole mno. Wa ajabu kuliko wote kwangu ni fuko asiye na manyoya wa Kenya, Ethiopia na Somalia. Ana ngozi ya waridi iliyokunjamana na meno yaliyochomoza nje ya midomo, na anaishi chini ya ardhi kwenye koloni lenye malkia mmoja, kama mchwa. Ukubwa wake ni wa panya wa kawaida. Panya huishi miaka 2 au 3, fuko huyu amevuka 35. Mwaka 2018 Rochelle Buffenstein na wenzake walipitia kumbukumbu za mafuko zaidi ya 3,000 wakakuta kwamba ile hesabu ya Gompertz haiwashiki: hatari yao ya kufa haikupanda kadiri umri ulivyosogea. Kansa huwapata kwa nadra sana. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester walichukua jeni lake moja, linalotengeneza ute mzito kati ya seli, wakalipandikiza kwa panya. Umri wa kati wa kuishi wa panya hao uliongezeka kwa asilimia 4.4. Ni kidogo, lakini fikiria: siri ya mnyama mmoja imehamishiwa kwa mwingine, ikafanya kazi.

Kobe unawajua. Ukivuka kwa mashua kwenda Changuu, mbele ya Mji Mkongwe, utawakuta kobe wakubwa ambao asili yao ni wanne waliotumwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919, na migongoni wameandikwa umri kwa rangi. Papa wa Greenland anawapita: kwa kupima lenzi za macho, mwaka 2016 mmoja alikadiriwa kuwa na miaka isiyopungua 272.

Ni kweli kila seli ina idadi ya kugawanyika iliyopangwa?

Kwa sehemu kubwa ya seli zetu, ndiyo. Mwaka 1961, huko Philadelphia, Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za binadamu zilizokuzwa kwenye chupa hugawanyika kama mara 40 hadi 60 kisha husimama. Kabla ya hapo dunia iliamini seli ni za milele. Sababu mojawapo ni telomea, vipande vya mwisho wa kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni), mfano wa ile plastiki ndogo kwenye ncha ya kamba ya kiatu. Kila mgawanyiko unazipunguza. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipata Nobel ya mwaka 2009 kwa kueleza jinsi zinavyolindwa.

Wauzaji wamelidaka hili na kutoa vidonge vya "kurefusha telomea". Hawasemi kwamba telomea ndefu kupita kiasi huenda pamoja na hatari kubwa zaidi ya aina fulani za kansa. Kikomo kile ni breki pia.

Imewahi kuthibitishwa kwamba kasi ya kuzeeka inabadilika?

Kwa wanyama, bila shaka yoyote. Mwaka 1935 Clive McCay wa Cornell alionyesha kwamba panya waliopunguziwa chakula, bila kukosa virutubishi, waliishi muda mrefu kuliko waliokula watakavyo. Mwaka 1993 Cynthia Kenyon, huko California, alibadilisha jeni moja, *daf-2*, kwenye mnyoo wa udongoni wenye urefu wa milimita moja, na umri wake ukawa maradufu. Jeni moja tu! Na minyoo ile haikuwa mahututi kitandani. Ilikuwa bado inatambaa wakati wenzao wameshakufa. Jeni hilo linahusika na njia ya insulini, njia ambayo na wewe unayo.

Kwa kima, maabara mbili za Marekani zilipunguza chakula kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Ya Wisconsin iliona umri umeongezeka, ya taasisi ya serikali haikuona. Mwaka 2017 waliunganisha data zao wakakubaliana kwamba afya iliboreka, na kwamba tofauti ilitokana na chakula chenyewe, umri wa kuanza, na kiasi walichokula wale wa kulinganisha.

Kwa binadamu, hakuna dawa hata moja iliyothibitishwa kurefusha maisha ya mtu mwenye afya. Mtu akikwambia ipo, mwombe akuonyeshe jaribio.

Hii rapamaisini inayotajwa sana ni nini?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo dawa yenye ushahidi mzito kuliko zote kwa wanyama.

Mwaka 1964 msafara wa Wakanada ulikwenda Kisiwa cha Pasaka, ambacho wenyeji wanakiita Rapa Nui, ukarudi na sampuli za udongo. Ndani ya udongo ule kulikuwa na bakteria anayetoa kemikali ya kuua fangasi, na kemikali ikapewa jina la kisiwa. Aliyeipigania ni Suren Sehgal, mwanasayansi aliyekuwa akifanya kazi Montreal. Maabara yake ilipofungwa miaka ya 1980, alichukua chupa za bakteria akazihifadhi kwenye friza ya nyumbani kwake. Bila friza ile huenda leo tusingekuwa na la kuzungumza. Mwaka 1999 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa watu waliopandikizwa figo, ili mwili usiikatae figo mpya.

Ndani ya seli kuna protini inayofanya kazi kama msimamizi wa ghala: chakula kikiwa kingi inaamuru "jenga, kua", kikipungua inaamuru usafi, na seli inaanza kula takataka zake yenyewe. Rapamaisini humfunga mdomo huyo msimamizi, seli ikadhani kuna njaa. Mwaka 2009 maabara tatu za Marekani, za Maine, Michigan na Texas, zilitoa matokeo kwa pamoja. Panya waliopewa dawa wakiwa na siku 600, sawa na mtu wa miaka 60 hivi, umri wao wa juu ulipanda kwa asilimia 14 kwa majike na 9 kwa madume. Kilichowashtua watu ni kwamba walianza wakiwa tayari wazee.

Kwa binadamu, mwaka 2014 Joan Mannick na wenzake walitumia dawa ya ukoo huo kwa dozi ndogo, na wazee wakaitikia chanjo ya mafua vizuri zaidi kwa kama asilimia 20. Jaribio kubwa zaidi lililofuata, la dawa nyingine inayopiga shabaha hiyohiyo, lilishindwa mwaka 2019 kupunguza magonjwa ya kifua kwa wazee. Dawa hii huleta vidonda mdomoni, hupandisha mafuta na sukari kwenye damu, na kwa dozi kubwa hushusha kinga. Kwetu, ambako kifua kikuu bado kipo mtaani, kuitumia kwa kubahatisha ni hatari. Naifuatilia kwa matumaini makubwa, lakini siinywi, wala sitampa mama yangu.

Mimi natumia metformini kwa ajili ya sukari. Nazeeka polepole?

Huenda unapata faida zaidi ya sukari, lakini haijathibitishwa. Dawa hii ina asili ya mmea wa Ulaya, na imetumika Ufaransa tangu 1957. Nir Barzilai wa New York amepanga jaribio la watu 3,000 wenye umri wa miaka 65 hadi 79 wasio na kisukari, ili kuona kama inachelewesha magonjwa ya uzee kwa jumla. Kikwazo kimekuwa pesa: dawa ni ya zamani, bei yake ni ndogo, hakuna kampuni itakayotajirika nayo. Linaniuma hili. Kidonge ambacho karibu kila duka la dawa linacho kinakosa mfadhili kwa sababu hiyohiyo ya kupatikana kila mahali.

Upande wa pili, kwa panya peke yake haikuonyesha kurefusha maisha kwa kiwango cha kuaminika, na jaribio lililotolewa mwaka 2019 lilionyesha kwamba wazee waliofanya mazoezi ya nguvu huku wakinywa metformini walijenga misuli kidogo kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa hiyo wewe mwenye kisukari endelea na dozi yako bila wasiwasi. Asiye nacho asianze.

Kufunga Ramadhani au Kwaresima kunapunguza uzee?

Kufunga ni ibada, na anayefunga ana sababu yake iliyotosha. Kwa upande wa sayansi, kilichopimwa vizuri kwa binadamu ni kupunguza jumla ya chakula kwa muda mrefu. Jaribio la CALERIE la Marekani liliwataka watu wapunguze asilimia 25 kwa miaka 2. Waliweza kama asilimia 12. Presha na mafuta ya damu viliboreka, na kipimo kimoja cha damu kilionyesha kasi ya kuzeeka imeshuka kwa asilimia 2 hadi 3. Mwezi wa kufunga mchana na kushiba futari ya viazi, tambi na sambusa hauwezi kulinganishwa na hilo. Anayetumia dawa za sukari amwone daktari kabla ya mfungo, si baada ya kuzimia.

Na mzee aliyekonda tayari asipunguze chakula kabisa. Kwake adui ni kuisha misuli.

"Seli zombi" ni kitu gani?

Ni seli zilizofika kikomo, zikaacha kugawanyika, lakini zikagoma kufa. Zinakaa tu zikimwaga kemikali zinazochochea majirani, kama mpangaji asiyelipa kodi na bado anagombana na kila mtu. Mwaka 2011 na 2016, watafiti wa Mayo Clinic, Darren Baker na Jan van Deursen, waliziondoa kwa panya, na panya wakabaki na afya kwa muda mrefu zaidi. Dawa ya kwanza ya kuziua, mchanganyiko wa dawa ya kansa ya damu na kemikali iliyomo kwenye vitunguu, ilitangazwa mwaka 2015, na mwaka 2019 ilijaribiwa kwa wagonjwa 14 wenye makovu ya mapafu. Hata hivyo mwaka 2020 dawa nyingine ya aina hii, iliyodungwa kwenye magoti yaliyosagika, haikushinda sindano isiyo na dawa. Na usile vitunguu ndoo nzima. Kiasi kilichotumika hakipatikani jikoni.

Je, uzee unaweza kurudishwa nyuma kabisa?

Kwa seli moja, ndiyo, na hili ndilo lililonifanya nishindwe kulala siku nilipolielewa. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto alichukua seli za ngozi ya panya mzima, akaziwekea jeni nne, zikarudi kuwa kama za kiinitete. Mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu, na 2012 akapata Nobel pamoja na John Gurdon. Umri wa seli ulifutwa, kama mwalimu anavyofuta ubao.

Taabu ni kwamba seli iliyofutwa kabisa inasahau hata kazi yake. Seli ya moyo haijui tena kudunda, na mwilini inaweza kugeuka uvimbe. Kwa hiyo watafiti wanajaribu kufuta kidogo kisha wanasimama. Mwaka 2016 kundi la Juan Carlos Izpisua Belmonte, California, lilifanya hivyo kwa panya wenye ugonjwa wa kuzeeka mapema, wakaishi zaidi. Mwaka 2020 maabara ya David Sinclair, Harvard, ilitumia jeni tatu kati ya zile nne ikawarudishia panya uwezo wa kuona uliopotea. Mwaka 2022 kampuni ya Altos Labs ilianza na mtaji wa dola bilioni 3 kwa kazi hii. Mtu mzima kurudishwa kuwa kijana: bado, na sitaki mtu akudanganye kwamba ni mwakani.

Vipimo vya "umri wa kibiolojia" vina maana?

Mwaka 2013 Steve Horvath alitengeneza saa inayosoma alama za kemikali kwenye sehemu 353 za DNA na kukadiria umri kwa usahihi wa kushangaza. Kwa utafiti wa watu wengi ni chombo kizuri. Kwa mtu mmoja, majibu hucheza: damu yako ukiipima tena inaweza kukupa umri mwingine. Okoa hizo pesa.

Mwalimu, na hivi vidonge vinavyouzwa kwenye simu?

Mama yangu mdogo alinunua chupa moja kwa pesa ambazo zingemtosha chakula cha mwezi. Alinikabidhi nisome. Mbele palikuwa na picha ya mwanamke asiye na kunyanzi hata moja, nyuma maandishi madogo yanayosema bidhaa hii haikusudiwi kutibu ugonjwa wowote. Muuzaji alikuwa amemwambia aache dawa za presha kwa wiki mbili "mwili usafishike". Alizirudia siku hiyohiyo, namshukuru Mungu, lakini nilitetemeka.

NMN, mojawapo ya vidonge hivyo, hupandisha kemikali moja muhimu kwenye damu. Kwamba inarefusha maisha ya binadamu haijaonyeshwa. Kolajeni ukiinywa inameng'enywa kama protini nyingine, kama maharage. Resveratrolo, ile ya zabibu, ilifanya kampuni kubwa ya dawa ya Uingereza kununua kampuni changa kwa dola milioni 720 mwaka 2008, na kufikia 2013 ofisi zake zimefungwa. Sindano za homoni ya ukuaji ndizo zinazonishangaza zaidi, kwa sababu ushahidi uko kinyume: huko Ecuador kuna watu ambao miili yao haiitikii homoni hiyo, ni wafupi sana, na kansa na kisukari karibu haviwapati. Kuhusu kuongezwa damu ya vijana, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2019 kwamba haina faida iliyothibitishwa. Damu ni ya kinamama wanaojifungua.

Kwa ngozi, kilichothibitika ni kujikinga na jua. Waaustralia waliopaka mafuta ya kuzuia jua kila siku kwa miaka 4.5 walikuwa na dalili za kuzeeka kwa ngozi pungufu kwa asilimia 24. Krimu za kujichubua hufanya kinyume chake.

Binadamu anaweza kufika miaka mingapi?

Aliyethibitishwa kuishi zaidi ni Jeanne Calment wa Arles, Ufaransa: miaka 122 na siku 164, akafariki mwaka 1997. Neno ni "kuthibitishwa". Mwaka 2010 Japani ilikwenda kumpongeza mzee aliyedhaniwa kuwa wa kwanza kwa umri mjini Tokyo, ikakuta amekufa miaka kama 30 nyuma huku pensheni ikiendelea kulipwa. Baadaye zaidi ya watu 230,000 wa miaka 100 kwenda juu walioko kwenye daftari hawakuonekana.

Na huku kwetu? Babu anayesemwa alizaliwa wakati wa Maji Maji angekuwa na miaka 118 au zaidi. Inawezekana aliitwa kwa jina la kaka yake, au tukio lililokumbukwa lilikuwa jingine. Ukongwe wake ni wa kweli na heshima yake haipungui. Tarehe ndiyo tusiijengee sayansi.

Ninaishi na VVU tangu 2004. Nimesikia tunazeeka mapema.

Ni kweli kwamba kinga iliyowaka kwa muda mrefu huharakisha magonjwa ya moyo na figo, hata virusi vikiwa vimefubazwa. Lakini kuna habari njema: jaribio la REPRIEVE, lililowahusisha watu 7,769 wanaoishi na VVU wenye miaka 40 hadi 75, Uganda ikiwemo, lilionyesha mwaka 2023 kwamba kidonge kimoja cha kushusha kolesteroli kwa siku kilipunguza mshtuko wa moyo, kiharusi na mengine kama hayo kwa asilimia 35. Siku ya kliniki, muulize daktari wako kuhusu dawa za kundi hilo. Uliza kwa sauti.

Huku si kushindana na Mungu?

Enzi za babu zetu watoto walikufa kwa ndui, na sijasikia shehe wala padri anayesema chanjo yake ilishindana na Mungu. Ajali zitabaki, na kifo kitabaki. Kinachotafutwa ni mzee asiwe mfungwa wa kitanda miaka 10 ya mwisho.

Mama yangu ana miaka 74, anachoka, anashikilia ukuta akitembea. Nianzie wapi?

Anzia kwenye presha. Ipimwe leo, itibiwe kila siku, hata akijisikia mzima. Kama anavuta au kunusa tumbaku, aache. Madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa kwa miaka 50 walionyesha kwamba hata anayeacha sigara akiwa na miaka 60 anarudishiwa kama miaka 3 ya maisha. Macho yaangaliwe, maana mtoto wa jicho anatolewa kwa upasuaji mfupi, na mzee anayeona haanguki ovyo. Masikio pia.

Kisha nguvu za miguu, na hapa ndipo ninapoona watoto wengi wanakosea. Tunamwambia mama "pumzika, umefanya kazi vya kutosha", tunamletea maji mpaka kitini, na kwa upendo ule ule tunamaliza misuli yake. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake, huko Boston, waliwapa mazoezi ya uzito wazee 10 dhaifu wenye wastani wa miaka 90. Baada ya wiki 8, nguvu za miguu kwa waliomaliza zilikuwa zimepanda kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha mikongojo. Hakuna kidonge nilichokitaja humu kilichowahi kufanya hivyo.

Kwa hiyo tafuta kiti imara kisicho na magurudumu, ukiegemeze ukutani. Mama aketi, akunje mikono kifuani, ainuke bila kushika kitu, aketi tena. Wewe simama karibu umdake. Kama hawezi, aanze kwa kusukuma mapaja kwa viganja. Hesabu anainuka mara ngapi kwa sekunde 30, andika na tarehe, bandika mlangoni. Siku tatu kwa wiki, raundi tatu, na kila mlo uwe na yai, dagaa au maharage. Akizoea, ashike dumu la lita moja la maji kifuani. Mama yangu alianza na mara 4. Wiki iliyopita alifika 11, akaketi, akaniambia nimletee dumu la lita 3.